Kukopi kwa simu na kupesti kwa kompyuta: nani ameweza bila kujitumia WhatsApp?

saiba_ya_kondele
Wasee habari za wikendi. Naendesha saiba ndogo hapa Kisumu, upande wa Kondele, na kuna kitu inanimaliza. Kazi yangu karibu yote inaanzia kwa simu na inaishia kwa kompyuta. Mtu anatuma KRA PIN kwa WhatsApp nimfailie ritani, mwingine anatuma nambari ya kitambulisho na SMS, mwingine amelipa na anataka risiti iandikwe ile namba ya muamala ya M-Pesa. Hizo namba mnazijua, herufi na tarakimu 10 zimechanganywa, sifuri na O hutofautishi kwa skrini yenye imepasuka, unasoma kwa sauti, unaandika, unarudia, na bado mteja amesimama hapo anakuambia hiyo si S hiyo ni 5. KRA PIN nayo herufi moja, tarakimu 9, alafu herufi ingine mwisho, ukikosea moja unaanza upya.

Nataka nikikopi kwa simu, nikigeukia laptopu nabonyeza Ctrl na V inatoka. Na nikikopi kwa laptopu itoke kwa simu. Simu ni Android 13, laptopu ni Windows 11. Isiwe ya kulipia kila mwezi na isinimalizie bando. Kompyuta za wateja siziguzi, nauliza ya laptopu yangu ya kazi pekee.

mzee_kijana_58
Dada, fungua WhatsApp kwa kompyuta, alafu jitumie meseji wewe mwenyewe. Tangu mwisho wa 2022 inakubali mtu kujiandikia. Kazi imeisha. Mimi ndio natumianga hapa Nakuru na sijawahi kuhitaji apu ingine.

saiba_ya_kondele
@mzee_kijana_58 hiyo ndio nafanya saa hii mzee wangu, na ndio maana nimekuja hapa. Kopi, toka, ingia kwa meseji zangu, pesti, tuma, geukia laptopu, ngoja ifike, kopi tena, pesti tena. Kwa mtu mmoja ni sawa. Wakija mfululizo mwezi wa sita mwisho watu wanakimbiza ritani, hapo unaona moto. Na ile chati yangu saa hii imejaa PIN na vitambulisho vya watu ambao hata siwakumbuki, hiyo hainipi usingizi mzuri.

mzee_kijana_58
Hapo kwa vitambulisho nimekuelewa.

msomi_wa_njoro
KDE Connect. Ni apu ya kuunganisha simu na kompyuta, ni ya bure, ni programu huria (open source), imekuwepo tangu 2013, iko Play Store na upande wa Windows unaipata kwa Microsoft Store. Kwa Linux, ule mfumo wa kompyuta wa bure badala ya Windows, ndio kwao. Unaweka pande zote mbili, zikiwa kwa waifai moja zinaonana, unaziunganisha mara moja, basi. Haipitii intaneti kabisa, simu na laptopu zinaongea zenyewe kupitia rauta yenu na mawasiliano yamefichwa, kwa hivyo bando haliguswi. Klipubodi, yaani pale kitu umekopi kinakaa kikingoja kupestiwa, ni kitu kimoja tu kati ya vingi, inatuma faili, inakuonyesha arifa za simu kwa laptopu, hata inakuwa rimoti ya slaidi ukiwa unawasilisha kitu darasani.

nyakwar_dala
Naunga mkono huyu wa Njoro. Pia ukikopi linki kwa simu ukaishea kwa KDE Connect inafunguka moja kwa moja kwa brauza ya kompyuta. Hiyo pekee imeniokoa na mengi.

saiba_ya_kondele
Nimeweka zote mbili. Haioni kitu. Simu inasema hakuna kifaa, laptopu inasema hakuna kifaa, na ziko mezani zimelaliana. Nimezima nikawasha. Kuna kitu nimeruka ama?

fundi_wa_rauta
Hujaruka kitu, ni mtandao. Jibu haya kwanza. Laptopu iko kwa kebo ama waifai? Simu iko kwa waifai gani, ile yenu ya ndani ama ile mmewapea wateja? Na ukiingia kwa mipangilio ya mtandao ya Windows, huo mtandao umeandikwa wa umma ama wa faragha?

saiba_ya_kondele
Laptopu iko kwa kebo. Simu iko kwa waifai ya wateja juu ndio nina paswadi yake. Windows imeandika wa umma.

fundi_wa_rauta
Sasa umenipa sababu zote mbili kwa sahani moja.

Ya kwanza, waifai ya wageni kwa rauta nyingi imetengwa makusudi. Kila simu inaona intaneti lakini haiwezi kuona kifaa kingine chochote hapo ndani, na hiyo ni kitu nzuri kwa saiba, hutaki mteja ameketi na simu yake anachungulia laptopu yako. Shida ni kwamba KDE Connect inategemea kuonana, simu inapiga kelele mtandaoni "niko hapa" na laptopu inajibu. Ukitengwa, kelele haifiki.

Ya pili, mtandao ukiwa wa umma Windows inafunga mlango kwa kila mtu anayegonga kutoka nje. Badilisha huo wa kebo uwe wa faragha, alafu angalia ukuta wa moto (firewall) wa Windows umeruhusu KDE Connect. Kama unataka kujua milango yenyewe (port), inatumia namba 1714 hadi 1764, TCP na UDP zote, hizo ni njia mbili za kupitisha data.

Hamisha simu kwa waifai ya ndani, geuza Windows iwe ya faragha, uone.

saiba_ya_kondele
Windows nimegeuza. Waifai ya ndani ndio ngori, waliokuja kutufungia intaneti waliondoka na paswadi ya rauta, nikiwapigia wananiambia fundi atapita. Hiyo fundi ni ya mwaka gani sijui.

fundi_wa_rauta
Basi rauta tuiache ilale. Washa hotispoti kwa simu yako, laptopu ishike hiyo hotispoti kwa waifai na kebo ibaki palepale. Simu na laptopu zimekuwa mtandao mmoja, na intaneti ya laptopu bado inapita kwa kebo. Waifai uunganishe kwa mkono, juu Windows ikiona kebo iko haijisumbui kushika waifai yenyewe.

Alafu cheza chini. Kama siku moja kebo itatoka, laptopu itahamia hotispoti bila kukuambia na masasisho ya Windows yatakula bando lote ukiwa unakunywa chai. Kwa hivyo ingia kwa mipangilio ya hiyo waifai useme ni muunganisho wa kupimwa (metered), Windows ijue bando ni la kuhesabu. Ama zima data ya simu kabisa, hotispoti inabaki hewani hata bila data, na KDE Connect haihitaji intaneti.

saiba_ya_kondele
Omera!! Zimeonana. Nimekopi jina la mtu kwa Excel, nimeenda kwa simu nimepesti, imetoka. Ero kamano sana.

saiba_ya_kondele
Ngoja. Nimefurahi mapema. Kutoka laptopu kwenda simu inaenda yenyewe. Kutoka simu kuja laptopu haiji. Na hiyo ndio naitaka zaidi. Nimekopi, nimengoja, napesti inatoka kitu ya zamani.

mzee_kijana_58
Hiyo apu ina kasoro. Programu za bure ndivyo zilivyo.

msomi_wa_njoro
Hapana mzee, hapo unaionea. Hiyo si apu, ni Android yenyewe. Mpaka Android 9, apu yoyote ingeweza kusoma kitu umekopi hata kama iko huko nyuma hujaifungua. Fikiria apu ya tochi, unakopi paswadi ya benki, na tochi inasoma. Android 10 ilipotoka 2019 Google wakafunga, tangu hapo wanaoruhusiwa kusoma klipubodi ni wawili tu: apu ambayo iko mbele yako kwa skrini wakati huo, na kibodi uliyoichagua kuandikia. KDE Connect iko nyuma, kwa hivyo haioni ulichokopi. Kutoka kompyuta kuja simu haina shida juu hapo apu inaandika, haisomi.

Dawa yake ni kushusha arifa. KDE Connect ina arifa inakaa hapo juu muda wote ikiwa imeunganishwa, na ina kitufe cha kutuma klipubodi. Unakopi, unavuta chini, unagusa, imefika laptopu. Mguso mmoja zaidi.

nyakwar_dala
Kama hiyo arifa haionekani angalia usiwe umeizima. Android 13 apu mpya lazima iombe ruhusa ndio ionyeshe arifa, na watu wengi wanakataanga tu bila kusoma.

saiba_ya_kondele
Nilikuwa nimekataa kweli, sasa nimeruhusu. Inafanya. Mguso mmoja si mbaya, lakini nikisema ukweli roho yangu bado iko kwa ile ya kwenda yenyewe. Hakuna njia ya kuzunguka hiyo ya Android?

lapi_kuukuu
Iko, na huyu wa Njoro ameitaja bila kuitaja. Amesema kibodi inaruhusiwa kusoma. Sasa tumia kibodi ambayo inajua kuongea na Windows.

SwiftKey ni ya Microsoft, waliinunua 2016. Weka SwiftKey kwa simu iwe ndio kibodi yako, ingia na akaunti ya Microsoft, nenda kwa mipangilio yake sehemu ya klipubodi, washa kusawazisha (sync). Kwa laptopu ingia na akaunti hiyohiyo, mipangilio, mfumo, klipubodi, washa historia na uwashe kusawazisha kwa vifaa vingine, iwe ya kujituma yenyewe. Basi. Unakopi kwa simu bila kugusa kitu kingine, kwa laptopu unabonyeza kitufe cha Windows na V, inakuonyesha orodha, unachagua.

Hiyo Windows na V hata kama hutaki mambo ya simu iwashe leo. Ilikuja na Windows 10 ya Oktoba 2018 na mpaka leo naona watu ofisini wanakopi kitu kimoja, wanarudi, wanakopi cha pili, wanarudi. Inashika vitu 25 vya mwisho, maandishi na picha ndogo, na ukibandika pini kitu kinabaki hata ukizima mashine. Mimi anwani ya ofisi, nambari ya pay bill na ile sentensi ya "tafadhali pokea kiambatisho" zimekaa hapo zimepigwa pini.

mzee_kijana_58
Hiyo ya Windows na V sikuijua. Nimejaribu saa hii, imeniuliza niwashe, nimewasha. Aisee.

ticha_wa_shinyalu
Mulembe nyote. Nimefuata hii uzi kimyakimya juu na mimi niko na shida karibu hiyohiyo, wazazi wananitumia nambari za vyeti vya kuzaliwa kwa simu na mimi nazijaza kwa kompyuta ya shule. Lakini @lapi_kuukuu kuna kitu umepita haraka. Hiyo ya SwiftKey inapitia wapi? Kama sikosei kitu ninachokopi kinatoka Shinyalu kinapanda kwa seva za Microsoft ndio kirudi kwa laptopu iko futi mbili kutoka kwa simu.

lapi_kuukuu
Ndio, inapitia akaunti yako. Inahitaji intaneti pande zote mbili, na ni maandishi pekee kutoka kwa simu. Bando inakula lakini kidogo sana, maandishi hayana uzito.

ticha_wa_shinyalu
Uzito si shida yangu. Shida ni kwamba kusawazisha kwa kujituma kunabeba kila kitu. Nikikopi nambari ya mtoto inaenda. Nikikopi paswadi ya benki yangu inaenda. Nikikopi meseji ya mume wangu inaenda pia, na kompyuta ya shule wanaitumia walimu wengine. Wakibonyeza hiyo Windows na V wanasoma maisha yangu yote ya asubuhi.

fundi_wa_rauta
Ticha ameongea. Kwa mashine ya kushirikiana usiingie na akaunti yako na usiwashe kusawazisha, hata kama ni ya dakika tano. Sijali ni SwiftKey ama ni nini. Na hata historia ya kawaida kwa kompyuta za wateja mimi huizima nikifungia mtu saiba, mteja wa kwanza anakopi PIN yake ya KRA, wa pili anakuja anaikuta.

@saiba_ya_kondele hizo kompyuta za wateja umesema huzigusi, hapo ziguse. Ingia mipangilio, mfumo, klipubodi, zima historia, alafu bonyeza kufuta data yote. Wewe unashika data za watu, na sheria ya ulinzi wa data ya 2019 haisemi saiba ndogo zimesamehewa.

saiba_ya_kondele
Nimeenda kuangalia. Moja ilikuwa imewashwa, sijui na nani. Kulikuwa na nambari ya kitambulisho, meseji ya M-Pesa nzima na jina na salio, na barua ya mapenzi imefika nusu. Nimefuta zote, ya mapenzi nimeisoma kwanza.

nyakwar_dala
😂😂😂 hiyo barua ungeipigia pini

msomi_wa_njoro
Kuongezea kwa ticha kuhusu paswadi. Apu nzuri za kutunza paswadi zinaweka alama kwa kile unachokopi kwamba ni siri, na Android 13 ikiona hiyo alama inaficha maandishi kwa kile kidirisha kinachotokea chini ukikopi. Na Android 13 inasafisha klipubodi yenyewe baada ya muda. Gboard, ile kibodi ya Google, pia usipopiga pini kitu kinatoka baada ya saa moja. Kwa hivyo simu zimeanza kujichunga, lakini kitu kikishaingia kwa historia ya Windows hiyo haijui habari za saa moja, inakaa hapo mpaka uwashe mashine upya ama vingine 25 viisukume nje.

Na si Android peke yake. Apple walipoleta iOS 14, mfumo wa iPhone, mwaka wa 2020 simu ikaanza kukuambia kila apu ikisoma ulichokopi, na hapo ndio dunia ikaona apu kubwakubwa zilikuwa zinachungulia kila saa bila sababu, TikTok ikiwa moja yao. Android wakafuata na arifa kama hiyo kwa Android 12.

kipusa_wa_milimani
Na sisi wa iPhone mmetusahau kama kawaida 🙄

lapi_kuukuu
iPhone na Mac mna yenu, iko tangu 2016, akaunti moja ya Apple pande zote, Bluetooth na waifai zimewashwa, unakopi hapa unapesti pale bila kuweka apu yoyote. Hiyo Apple waliipata vizuri sana, nasema hivyo na sipendi bei zao.

kipusa_wa_milimani
Niko na iPhone na laptopu ya Windows. Mac nani ananinunulia.

lapi_kuukuu
Hapo pole. Hiyo ya Apple haivuki kuja Windows. KDE Connect iko kwa iPhone lakini lazima uwe umeifungua mbele ndio iongee, iOS hairuhusu apu kukaa nyuma inasikiliza. Jaribu LocalSend, bure, haina akaunti, inapita kwa waifai ya ndani tu. Unaifungua pande zote mbili, unachagua maandishi, unapesti, unatuma kwa jina la kile kifaa kingine, upande wa pili inakupa kitufe cha kukopi. Si ya kujiendea yenyewe lakini haibagui simu wala kompyuta.

kipusa_wa_milimani
Nimeweka. Imeniita "Strong Papaya" ama kitu kama hiyo, jina la tunda 😂 lakini imetuma. Asante.

fundi_wa_rauta
Sasa @saiba_ya_kondele nikupe ile mimi natumia kwa kazi, na sijui kwa nini hakuna mtu ameitaja. scrcpy. Unachomeka simu kwa laptopu na waya wa USB, skrini ya simu inatokea ndani ya laptopu kama dirisha, unaishika na mausi, unaandika na kibodi ya laptopu. Na klipubodi inaenda pande zote mbili yenyewe. Ukikopi kwa simu, hapohapo iko kwa laptopu. Hakuna arifa ya kugusa, hakuna akaunti, hakuna waifai, hakuna seva ya mtu. Stima ikipotea rauta ikazimika bado inafanya, bora laptopu iko na chaji.

msomi_wa_njoro
Nilidhani Android 10 inazuia hiyo?

fundi_wa_rauta
Inazuia apu. scrcpy haiwekwi kama apu ya kawaida, inaingia kupitia ule mlango wa wasanidi programu, ambao una ruhusa kubwa kuliko apu. Ndio maana lazima uwashe utatuzi wa USB (USB debugging) kwanza. Unaenda kuhusu simu, unagonga nambari ya toleo (build number) mara 7, menyu ya wasanidi inafunguka, unawasha utatuzi wa USB. Ukichomeka waya simu inakuuliza unaiamini hii kompyuta? Ukiwa kwa laptopu yako unakubali.

Sasa ubaya wake, juu uko. Huo mlango ukiwa wazi, kompyuta yoyote uliyoikubali inaweza kufanya mengi kwa simu yako, kwa hivyo usikubali kwa mashine ya mtu, na ukimaliza kazi zima. Na kuna apu za benki zikiona menyu ya wasanidi imewashwa zinakataa kufunguka kabisa. Kama simu ya kazi ndio simu ya benki yako, pima mwenyewe. Mimi nina kasimu kazee ka kazi, hakana benki, hakana chochote, hako ndio kanaishi kwa waya.

saiba_ya_kondele
Hako kasimu ndio naona jibu langu. Nina ile ya dukani ya kupokea M-Pesa, wateja wote wanatuma huko.

nyakwar_dala
Kama ni meseji za M-Pesa hasa ndio unataka, na simu yako inatumia apu ya Messages ya Google kwa SMS, hata scrcpy sidhani unahitaji. Ingia messages.google.com/web kwa laptopu, uchanganue ile picha ya QR na simu, SMS zako zote zinatokea kwa brauza. Ile namba ya muamala unaikopi kutoka kwa laptopu kwenda kwa laptopu, klipubodi ya simu haihusiki. Simu lazima iwe na intaneti lakini si lazima iwe kwa waifai moja na laptopu, inaweza kuwa Ahero na laptopu iko Kondele.

saiba_ya_kondele
Ai! Na nimekuwa nikiandika kwa mkono wakati huu wote na laptopu iko mbele yangu.

ticha_wa_shinyalu
Na hiyo nayo usiwache imefunguliwa kwa kompyuta wateja wanafikia. SMS ndio zinabeba zile nambari za kuthibitisha za kila kitu.

nyakwar_dala
Kweli kabisa. Kwa simu unaweza kuona vifaa vilivyounganishwa na kukata. Vilevile WhatsApp, angalia vifaa vilivyounganishwa, vinaweza kuwa 4 na wengi hawajui viko vingapi.

mzee_kijana_58
Swali la mtu mzima. Nimesikia kuna virusi vinabadilisha kile umekopi. Ni kweli ama ni hadithi za mitandao?

msomi_wa_njoro
Ni kweli. Vinalenga sana wale wa sarafu za kidijitali. Anwani za pochi ni ndefu hakuna mtu anaandika kwa mkono, kila mtu anakopi. Kirusi kinakaa kimya kinaangalia klipubodi, kikiona umbo la anwani kinaibadilisha na ya mwizi. Unapesti, hukagui, pesa imeenda, na hakuna wa kupigia urudishiwe. Ukipesti kitu cha pesa linganisha herufi za mwanzo na za mwisho na ulichokopi.

mzee_kijana_58
Na kwa saiba je? Pay bill zinaweza kubadilishwa hivyo?

fundi_wa_rauta
Ikishaingia kwa mashine inaweza kubadilisha chochote, lakini M-Pesa inakuonyesha jina la unayemlipa kabla pesa iende. Soma jina. Watu hawasomi hilo jina, wanakimbilia kumaliza kama wanafukuzwa.

saiba_ya_kondele
Nimepanga hivi, mniambie kama kuna shimo. Simu ya dukani: SMS kwa brauza ya laptopu yangu ya kazi pekee, ambayo iko kwa kaunta upande wangu na inajifunga yenyewe nikiondoka. Simu yangu: KDE Connect na hotispoti, data iko juu WhatsApp inaihitaji, na kwa laptopu hiyo waifai nimeiweka ya kupimwa, natumia kile kitufe cha arifa kwa PIN za KRA zinazokuja WhatsApp. SwiftKey nimeiacha, ticha amenitisha. Kompyuta za wateja historia imezimwa zote. scrcpy nitaijaribu jioni wateja wakipungua.

fundi_wa_rauta
Iko sawa. Ukiipata paswadi ya rauta uweke laptopu na simu yako kwa waifai ya ndani, hotispoti inachosha betri. Na wateja uwaache palepale kwa ya wageni.

msomi_wa_njoro
Kitu kidogo, simu nyingi zina tabia ya kuua apu za nyuma kuokoa betri. Ukiona KDE Connect inakatika kila ukifunga skrini, ingia kwa mipangilio ya betri ya hiyo apu useme isizuiliwe.

ticha_wa_shinyalu
Ndio hiyo imekuwa inanisumbua tangu mchana, nimefanya imetulia. Swali la mwisho kabla nilale. Wazazi wengine hawaandiki nambari, wanapiga picha ya cheti. Picha nayo inapita kwa klipubodi ya KDE Connect?

msomi_wa_njoro
Hapana, klipubodi yake ni maandishi. Picha itume kama faili kutoka kwa menyu ya kushea, inaingia kwa folda ya vilivyopakuliwa kwa kompyuta. Lakini kama unataka nambari pekee, fungua picha kwa Google Lens hapohapo kwa simu, gusa maandishi, ikopi, alafu ubonyeze kile kitufe cha arifa. Cheti kikiwa kimechapwa inasoma vizuri. Kile cha zamani kimeandikwa na kalamu ya karani, hicho soma na macho yako tu ticha.